Saratani ya mapafu: umepasuliwa kwa matundu madogo, je, tezi zako zimepimwa?

Safari hii tunazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu tunaogopa hata kuutaja: saratani ya mapafu, au kansa ya mapafu kama wengine wanavyoiita. Hatutaeleza kila kitu kuhusu ugonjwa huu. Tutashika jambo moja tu ambalo mara nyingi hupotea katikati ya lugha ya daktari na woga wa mgonjwa, nalo ni habari ya tezi za limfu.

Tuanze na mfano. Chukulia baba mmoja wa miaka sitini na kitu, anaishi Louisville. Angeweza pia kuwa Columbus au Buffalo. Kikohozi kimemsumbua miezi mitatu, akapigwa picha, likaonekana doa kwenye pafu la kulia. Kipimo kikasema ni saratani, lakini bado ni ndogo. Akapasuliwa kwa matundu madogo, na siku ya nne akarudi nyumbani. Anatembea, anakula, anasali. Ndugu wanapiga simu kutoka Uvira na Kigoma kumpa pole, naye anawajibu: "Wameshaitoa, namshukuru Mungu, nimepona."

Wiki mbili baadaye ana miadi hospitalini. Siku hiyo mtoto anayempelekaga kwa gari ana zamu kazini. Baba anaona hakuna haja, kwani haumwi kitu. Anakaa nyumbani. Kumbe siku ile ndiyo angeambiwa majibu ya tezi zake, na majibu yale ndiyo yangeamua kama anahitaji dawa zaidi au la.

Baba huyu ni wa mfano tu, lakini jambo lenyewe linaweza kumpata yeyote kati yetu. Kwa hiyo, kama utakumbuka neno moja katika makala hii, likumbuke hili: kidonda kidogo hakimaanishi kwamba kazi imekwisha. Uliza habari za tezi.

Tezi za limfu ni nini?

Bila shaka unakumbuka utotoni ulipokuwa na kidonda mguuni, halafu ukatokewa na mtoki kwenye kinena. Mtoki ule ulikuwa tezi ya limfu iliyovimba. Mwilini mwetu kuna mamia ya tezi kama hizo: shingoni, kwapani, kinenani, tumboni na ndani ya kifua. Nyingi ni ndogo kama punje ya maharage.

Mwili una mishipa ya damu, na pia una mishipa myembamba inayobeba maji maji yanayoitwa limfu. Maji hayo hupita kwenye tezi, na tezi huyachuja. Vijidudu vikifika hapo vinazuiwa na askari wa mwili. Tuseme tezi ni kama kizuizi cha barabarani: kila kinachopita lazima kikaguliwe.

Chembe za saratani nazo hutumia barabara hiyo hiyo. Zikibanduka kutoka kwenye uvimbe wa pafu, mara nyingi hunaswa kwanza kwenye tezi za karibu. Nyingine hufa hapo, nyingine huota na kukua. Ndiyo sababu daktari akitaka kujua kama saratani imeanza kusafiri, huangalia tezi. Ukimsikia anasema "limfu nodi", anazungumzia hizo.

Namba ya N kwenye ripoti yako

Madaktari duniani kote hutumia herufi tatu kueleza saratani imefika wapi. T ni ukubwa wa uvimbe wenyewe. N ni tezi. M ni kama ugonjwa umeruka kwenda mbali, mfano kwenye ubongo, mifupa au ini. Hapa tunaangalia N peke yake:

N0: hakuna saratani iliyoonekana kwenye tezi.

N1: saratani imefika kwenye tezi zilizo ndani ya pafu lile lile lenye uvimbe, au kwenye shina lake, yaani pale mrija wa hewa na mishipa mikubwa ya damu inapoingilia.

N2: imefika kwenye tezi za katikati ya kifua, kati ya mapafu mawili, kwa upande ule ule wa uvimbe, au chini ya pale ambapo koo la hewa linagawanyika.

N3: imevuka kwenda kwenye tezi za upande wa pili wa kifua, au imepanda hadi juu ya mfupa wa bega karibu na shingo.

Katika mwongozo mpya, ambao ulianza kutumika Marekani Januari 2025, N2 imegawanywa mara mbili: N2a ni pale kundi moja tu la tezi lina saratani, na N2b ni pale makundi mawili au zaidi yana saratani.

Kwa nini namba hii ni muhimu hivyo? Kwa sababu inabadilisha matibabu na inabadilisha matumaini. Kwa aina ya saratani ya mapafu iliyo ya kawaida zaidi, hapa Marekani takriban watu wawili katika kila watatu huwa hai miaka mitano baadaye kama ugonjwa ulikutwa ndani ya pafu tu. Kama umefika kwenye tezi au sehemu za jirani, ni takriban wanne katika kila kumi. Hizi ni hesabu za watu wengi kwa pamoja. Hazisemi wewe au mzazi wako ataishi muda gani, na dawa zilizoingia miaka ya karibuni zinaendelea kuzibadilisha.

Kabla ya upasuaji: tezi kubwa si lazima iwe saratani

Kabla ya kukupasua, daktari atakupiga picha ya CT, na mara nyingi picha ya PET. Katika PET unachomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, na sehemu zinazokula sukari nyingi zinang'aa kwenye picha. Saratani hung'aa. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana jambo hili linatuhusu sana sisi.

Tezi yenye kifua kikuu nayo hung'aa. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kifua kikuu ni ugonjwa wa kawaida, na baadhi yetu tulikitibu kule nyumbani au kambini miaka mingi iliyopita. Na hapa Marekani kuna ugonjwa mwingine wa kuangaliwa: ukungu unaoishi kwenye udongo wenye kinyesi cha ndege na popo, unaoitwa histoplasma. Bonde la mto Ohio ni moja ya makao yake makuu, na Louisville iko kwenye ukingo wa mto huo. Columbus nayo imo katika eneo ambalo maji yake humwagikia mto huo. Mtu anaweza kuuvuta ukungu huo, asiugue sana, lakini tezi za kifuani zikabaki zimevimba au zimekakamaa.

Kwa hiyo tezi kubwa inaweza kuwa na kovu tu la ugonjwa wa zamani. Na kinyume chake pia ni kweli: tezi ndogo inayoonekana safi kwenye picha inaweza kuficha saratani. Picha peke yake haitoshi. Kukiwa na shaka, inabidi kinyama kidogo kitolewe kwenye tezi kikapimwe kwa darubini. Njia inayotumika sana siku hizi ni mrija mwembamba wenye kamera na altrasaundi unaopitishwa kinywani hadi kwenye njia ya hewa, halafu sindano ndogo inachoma tezi. Unalazwa usingizi au unapewa dawa ya kutuliza, na watu wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usikatae kipimo hiki kwa kudhani wanakuchelewesha. Kikionyesha saratani kwenye tezi za katikati ya kifua, huenda ukaanzishiwa dawa kwanza kabla ya kisu. Na kikionyesha N3, kwa kawaida upasuaji sio njia, na utakuwa umeepushwa na kisu kisicho na faida.

Mambo mawili ya kufanya mapema:

Kwanza, mwambie daktari ukweli wote kuhusu kifua kikuu: uliugua mwaka gani, ulimeza dawa miezi mingapi, nani nyumbani aliugua. Hakuna aibu, na hakuna atakayekurudisha kwa sababu ulitibiwa zamani.

Pili, kama ulikuja kama mkimbizi, tafuta ule mfuko wa plastiki wa IOM uliosafiri nao. Watu wazima walipigwa picha ya kifua kabla ya safari, na mara nyingi filamu au CD yake ipo kwenye mfuko huo pamoja na karatasi nyingine. Usiitupe. Doa ambalo lilikuwepo miaka minane iliyopita na halijakua hata kidogo lina maana tofauti kabisa na doa jipya. Picha hiyo ya zamani inaweza kumwonyesha daktari jambo ambalo mashine mpya haiwezi kumwonyesha.

Upasuaji wa matundu madogo hufanywaje?

Zamani, kutoa sehemu ya pafu kulikuwa na maana ya kufungua kifua: mpasuko mrefu ubavuni na mbavu kutanuliwa kwa chuma. Njia hiyo bado ipo, na kuna wagonjwa wanaoihitaji. Lakini tangu miaka ya 1990 mwanzoni ilianza kutumika njia ya kamera. Daktari hutoboa tundu moja hadi manne katikati ya mbavu, huingiza kamera na vyombo vyembamba, na hufanya kazi huku akitazama kwenye skrini. Kuna pia njia ya roboti. Usiogope neno roboti. Mashine haifanyi kitu peke yake. Daktari amekaa kwenye kiti humo humo chumbani na mikono yake ndiyo inayoendesha vyombo.

Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto lina mbili. Mara nyingi hutolewa sehemu nzima yenye uvimbe. Uvimbe ukiwa mdogo, wa sentimita 2 au chini, na tezi zikiwa safi, inawezekana kutoa kipande kidogo zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa 697, ulionyesha kwamba kwa watu kama hao kutoa kipande kidogo hakukuwa na matokeo mabaya kuliko kutoa sehemu nzima. Lakini angalia sharti lake: tezi zilipimwa wakati wa upasuaji wenyewe na kuthibitishwa kuwa hazina saratani. Unaona jinsi habari ya tezi inavyoingia kila mahali.

Nyama iliyotolewa huwekwa kwenye kifuko ndani ya kifua na kutolewa kupitia tundu moja, ili isiguse kidonda. Kisha daktari hufuata tezi: za shina la pafu na za katikati ya kifua. Anazitoa, anaziweka kwenye vichupa, na kila kichupa kinaandikwa namba ya mahali ilipotoka. Unapoamka utakuwa na mpira unaotoa hewa na maji kifuani, na utatakiwa kutembea na kuvuta pumzi kwa nguvu mapema iwezekanavyo. Kuna hatari zake pia: hewa kuvuja, damu, maambukizi, na wakati mwingine sauti kukauka, kwa sababu mshipa wa fahamu wa sauti unapita karibu na baadhi ya tezi hizo.

Je, kwa matundu madogo tezi zote zinafikiwa?

Hili ni swali la haki na madaktari wenyewe wamejiuliza. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,500 wa Marekani waliopasuliwa kati ya 2001 na 2010. Wote hao, kabla ya upasuaji, picha zilionyesha saratani ndogo ya hatua ya kwanza. Baada ya tezi kupimwa, saratani iliyojificha ilikutwa kwa asilimia 14.3 ya waliofunguliwa kifua, na asilimia 11.6 ya waliopasuliwa kwa kamera. Kwa tezi za katikati ya kifua hapakuwa na tofauti: asilimia 5.0 na 4.9. Tofauti ilikuwa kwenye tezi za shina la pafu, na ilizua shaka kwamba huenda baadhi ya wapasuaji wa kamera hawakuzitoa zote.

Somo la kwanza hapa ni kwamba picha hukosea: zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi alikuwa na saratani kwenye tezi ambayo picha haikuiona. Somo la pili ni kwamba mkono wa mpasuaji una uzito kuliko ukubwa wa tundu. Hilo lilionekana baadaye Uingereza, ambako wagonjwa 503 katika hospitali tisa waligawanywa kwa kura, wengine kamera, wengine kufunguliwa kifua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliopasuliwa kwa kamera walipona haraka zaidi na kukaa hospitali siku 4 badala ya 5 kwa wastani, na haikuonekana kwamba kazi ya kuondoa saratani na kukagua tezi ilipungua.

Mjini Buffalo, katika hospitali ya saratani ya Roswell Park, daktari mpasuaji mwenye asili ya Nigeria, Chukwumere Nwogu, na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti ulioonyesha kwamba idadi ya tezi zilizokaguliwa, na ni ngapi kati yake zina saratani, inahusiana na muda wa kuishi wa mgonjwa. Na huko Memphis, Raymond Osarogiagbon, naye mwenye asili ya Nigeria, alitengeneza na wenzake sanduku lenye vichupa vilivyokwisha andikwa namba za makundi ya tezi, ili mpasuaji asisahau hata kundi moja na maabara isichanganye. Ni kitu rahisi, lakini kilisaidia, kwa sababu zamani wagonjwa wengi Marekani walitolewa sehemu ya pafu bila tezi za katikati ya kifua kukaguliwa kabisa.

Leo kuna kipimo cha kukushikia. Tangu mwaka 2021, hospitali zilizothibitishwa na kamisheni ya saratani ya chama cha wapasuaji wa Marekani zinatakiwa, katika upasuaji wa pafu wenye nia ya kuponya, kutoa tezi kutoka angalau kundi moja la shina la pafu na angalau makundi matatu tofauti ya katikati ya kifua, na ripoti ya maabara iyataje. Sheria hiyo ni moja kwa wote, uwe umepasuliwa kwa kamera, kwa roboti au kwa kufunguliwa. Kumbuka hesabu hii: moja na matatu.

"Saratani ikiguswa na kisu inasambaa"

Maneno haya tumeyasikia nyumbani na tunayasikia hapa. Si ya Waafrika peke yao. Mwaka 2003 Marekani walichapisha utafiti ambapo wagonjwa 626 katika kliniki za mapafu waliulizwa. Asilimia 38 waliamini kwamba saratani ikipigwa na hewa wakati wa upasuaji inasambaa. Wengine walisema wangekataa upasuaji kwa sababu hiyo.

Imani hii ina chanzo chake. Wagonjwa wengi nyumbani walifika hospitali wakiwa wamechelewa, mara nyingi baada ya kutibiwa kifua kikuu kwa miezi bila nafuu. Walipofunguliwa ilikutwa saratani imeshaenea, wakashonwa, na baada ya muda mfupi wakafariki. Watu wakalaumu kisu. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshasafiri kabla ya kisu, kwa barabara ile ile ya limfu tuliyoieleza. Hewa haiisambazi saratani. Kinachoipa nafasi ni kusubiri.

Majibu huja ukiwa umesharudi nyumbani

Sasa turudi kwa yule baba wa mfano. Baada ya upasuaji, pafu na tezi hupelekwa maabara. Hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi, na mtaalamu huviangalia kwa darubini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au zaidi, na vipimo vya vinasaba vya uvimbe vinaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Ukipasuliwa kwa matundu madogo unaruhusiwa mapema, kwa hiyo karibu kila mara majibu yanakukuta nyumbani ukiwa unajisikia nafuu. Hapo ndipo mtego ulipo.

Kama jibu ni N0 na uvimbe ulikuwa mdogo, huenda usihitaji dawa nyingine. Utafuatiliwa kwa picha ya CT, kwa kawaida kila miezi 6 kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, halafu mara moja kwa mwaka.

Kama jibu ni N1 au N2, mara nyingi kuna matibabu zaidi. Inaweza kuwa kemotherapia, au dawa za kuamsha kinga ya mwili. Na kama uvimbe una mabadiliko fulani ya vinasaba, kuna vidonge. Osimertinib iliidhinishwa kwa waliokwisha pasuliwa mwezi Desemba 2020, kwa wenye mabadiliko ya EGFR. Alectinib iliidhinishwa Aprili 2024, kwa wenye mabadiliko ya ALK. Mabadiliko haya huonekana zaidi kwa watu ambao hawakuvuta sigara kabisa. Kwa hiyo mama aliyepika kwa kuni miaka yote na hajawahi kushika sigara asidhani vipimo hivi havimhusu.

Dawa hizi zina muda wake. Zinaanzwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, mwili ukishapata nguvu. Mgonjwa anayerudi baada ya mwaka mmoja kwa sababu kikohozi kimerudi, hawezi kupewa nafasi ile ile aliyoikosa.

Maswali ya kumuuliza daktari

Yaandike kwenye karatasi, uende nayo:

1. Kabla ya upasuaji: je, tezi za katikati ya kifua zinahitaji kupimwa kwanza kwa sindano? Kama hapana, kwa nini?
2. Je, nahitaji dawa kabla ya kupasuliwa?
3. Utatumia kamera, roboti au kufungua kifua? Wewe mwenyewe unafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka?
4. Utatoa makundi mangapi ya tezi?
5. Baada ya upasuaji: majibu ya maabara yatatoka lini, na nani atanipigia simu?
6. N yangu ni ngapi? Tezi ngapi zilikaguliwa na ngapi zina saratani?
7. Je, uvimbe wangu umepimwa vinasaba?
8. Naomba nakala ya ripoti ya maabara.

Ripoti ni mali yako, una haki ya kuipata. Iweke pamoja na karatasi zako muhimu. Ukihamia mji mwingine, kama wengi wetu tunavyohama kufuata ndugu au kazi, daktari mpya ataihitaji.

Lugha, kazi na gharama

Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari ya saratani. Ni mzigo mkubwa kwa mtoto, na huenda akaficha maneno kwa kukuhurumia. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010. Mwombe siku unapopanga miadi. Sema ni Kiswahili cha wapi unachokielewa. Na kama Kinyarwanda, Kibembe au Kizigua unakielewa vizuri zaidi, omba hicho.

Kuhusu kazi: kama umefanya kazi mwaka mzima na saa 1,250 katika mwaka huo, kwenye kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi, sheria inakupa hadi wiki 12 za likizo ya ugonjwa bila mshahara na bila kupoteza kazi. Mtoto au mke anayekuuguza naye anaweza kuiomba. Uliza ofisi ya wafanyakazi kabla ya upasuaji, sio baada ya kukosa zamu.

Kuhusu fedha: usivunje miadi kwa kuogopa bili kabla hujazungumza na mtu. Hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kuwasaidia wasioweza kulipa. Omba kuonana na mfanyakazi wa jamii wa hospitali. Masharti ya Medicaid kwa wahamiaji hubadilika na hutegemea karatasi zako, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa jirani. Uliza kuhusu wewe.

Louisville kuna kituo cha saratani cha Brown, cha chuo kikuu cha Louisville. Columbus kuna hospitali ya James, ya chuo kikuu cha Ohio State. Buffalo kuna Roswell Park, iliyoanzishwa mwaka 1898. Zote zina wapasuaji wa kifua.

Kuigundua kabla haijafika kwenye tezi

Kentucky ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa saratani ya mapafu Marekani. Kama una umri wa miaka 50 hadi 80, na umevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 (au pakiti mbili kwa miaka 10), na bado unavuta au umeacha ndani ya miaka 15 iliyopita, uliza kuhusu picha ya CT ya mionzi kidogo kila mwaka. Utafiti wa watu zaidi ya 53,000, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kipimo hiki kilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Na hata kama hukuvuta, kikohozi kinachozidi wiki tatu, damu kwenye makohozi, kukonda bila sababu au sauti kukauka ni sababu ya kumwona daktari.

Ndugu zangu, kama una mzazi, jirani au muumini mwenzako aliyepasuliwa pafu mwezi huu au mwezi uliopita, mpigie simu leo. Usimuulize tu "unaendeleaje?" Muulize: "Majibu ya tezi yametoka?" Akisema hajui, mpeleke.

Makala hii ni ya kuelimisha na haichukui nafasi ya daktari wako. Tuombeane uzima. Tukutane tena wakati mwingine, Mungu akipenda.